Meno Kwenye Dawati la Burbano

Zenaida Chicaiza alikuwa ameingiza kioo kidogo cha daktari wa meno ndani ya tundu la droo ya tisa, akitafuta ufa wa mwisho wa kuziba, alipoona meno ya mama yake.

Si kinywani mwa mama. Mama mwenyewe alikuwa jikoni nyuma ya karakana, akigombana na paka. Meno yalikuwa yamejichapa kwenye ngozi ya utomvu iliyofunika mbao, huko ndani kabisa ambako mkono wa mnunuzi haufiki: jino, jino, jino, pengo, halafu jino moja limekaa upande kama mlevi aliyeegemea mlango wa baa.

Kioo kikamponyoka. Akakiokota, akakifuta kwa aproni, akachungulia tena akiomba macho yake ya miaka hamsini na minane yawe yamemchezea. Hayakumchezea. Mlevi alikuwa palepale, ameegemea.

"Hapana," akaliambia dawati. "Usinifanyie hivyo. Leo hapana."

Leo ilikuwa Alhamisi, na saa tisa mchana mtaalamu wa makumbusho angekuja kulikagua na kulichukua. Dawati la akina Burbano, droo kumi na moja, ndege na maua mekundu yaliyokatwa kwenye ngozi nyembamba ya utomvu, lilijulikana mji mzima wa Pasto kuwa ni la enzi za Wahispania. Miaka mia tatu, alisema don Hermógenes Burbano, na akikuona umechoka kumsikiliza aliongeza hamsini. Wiki sita Zenaida alikuwa akiliuguza. Wiki iliyopita watu wa makumbusho walimuuliza kwenye simu kama ni la kale kweli, akajibu bila kumeza mate: "Naapa kwa jina la baba yangu."

Jina hilo liliandikwa kwenye kioo cha juu ya mlango: Segundo Chicaiza na Binti. Marehemu hakuacha shamba wala ghorofa. Aliacha jina, na binti alilitumia kama rungu. Ni yeye aliyesimama mbele ya mafundi wenzake akamuumbua Arcesio Botina kwa kuuza makasha mapya aliyoyazeesha kwa moshi na majani ya chai. "Mtu anayeudanganya mti," alisema siku ile, "mkewe atamwambia ukweli gani?" Watu walicheka mpaka Arcesio akahamia mji wa Ipiales.

Sasa, utomvu wa mti wa mopa-mopa haupakwi kwa brashi. Unapashwa moto majini mpaka ulainike, kisha watu wawili wanauvuta, mikono huku na huku na meno yakisaidia, mpaka unakuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukingo ulioumwa hukatwa na kurudishwa chunguni. Fundi anayeacha meno yake kwenye kazi ni sawa na padri anayetokea altareni bila suruali. Kwa hiyo lilikuwa kosa la mtu. Na mtu huyo alikuwa hai, wala hakuwa na miaka mia tatu, ingawa kuna siku alilalamika kama anayo.

Doña Pura, mama yake, alikuwa akimenya viazi.

"Mama, fungua mdomo."

"Kwani mimi nyumbu wa mnadani?"

"Fungua tu, mama."

Doña Pura akafungua. Katika miaka themanini na minne alikuwa amebakiwa na meno tisa, na kama kwa kumkomoa mtu, yale ya mbele juu yalikuwa yaleyale ya ujanani. Jino, jino, jino, pengo, mlevi.

Zenaida akaketi juu ya gunia la viazi.

"Meno yako yamo kwenye dawati la Burbano."

Kisu cha viazi kikasimama hewani.

"Droo ya ngapi?" mama akauliza.

Zenaida alikuwa amejiandaa kusikia hapana. Hata kutukanwa alikuwa amejiandaa. Hilo la droo ya ngapi hakuliwaza.

"Ya tisa."

"Nilimwambia Segundo! Nilimwambia kuna pembe sijaikata, akasema tulale, nani atachungulia humo? Na wewe ulikuwa na homa, unalia kama king'ora. Ni wewe uliyenisahaulisha."

"Mama! Baba aliiba dawati la watu?"

"Chunga mdomo wako. Baba yako hakuiba hata sindano." Doña Pura akakitupa kiazi kwenye sufuria. "Lililetwa mwaka ule Papa alipokuja Bogotá. Don Eliseo, baba wa huyu Hermógenes wako, alilileta kwa gari, kalifunika blanketi kama mgonjwa. 'Kaza mguu mmoja tu, Chicaiza.' Baba yako akaushika mguu. Dawati likakaa chini."

"Likakaa chini vipi?"

"Kama mwanamke aliyeletewa habari ya msiba. Puu! Wadudu walikuwa wamekula mbao zote, mwanangu. Ndani unga mtupu. Lilisimama kwa ile ngozi ya utomvu tu, kama soksi isiyo na mguu. Na don Eliseo alishamtia seremala mmoja jela kwa kuvunja kiti. Kiti! Baba yako alitapika. Kisha akaenda kutafuta mbao za mwerezi. Siku arobaini mlango umefungwa, majirani tukawaambia ana surua."

"Na ule utomvu wa zamani?" Sauti ya Zenaida ilikuwa imebaki ndogo kama ya kifaranga.

Mama akachagua kiazi kingine, akakipima mkononi.

"Niliutafuna."

"Uli..."

"Wote. Tuliubandua, tukauchemsha, ukagoma kulainika. Baba yako akasema, Pura, tafuna. Nikatafuna, rangi moja moja. Nimetafuna ndege wa Wahispania, nimetafuna maua, nimetafuna na malaika mmoja. Mchungu yule malaika, we acha! Kisha tukauvuta upya. Kwa hiyo usiniambie si la kale. Ngozi ni ileile. Imepitia kinywani mwangu, basi."

Zenaida alimtazama mwanamke aliyemzaa kama anayemwona kwa mara ya kwanza, tena kituo cha polisi.

"Na hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza."

Saa nane na nusu Zenaida alikuwa mbele ya dawati, kisu chembamba kimepata moto mkononi. Kipande chenyewe hakikuzidi kidole gumba. Ukate mara moja, ubandike kingine, na dunia irudi ilivyokuwa asubuhi. Doña Pura alisimama mlangoni.

"Kata," akasema. "Meno ni yangu, nimeruhusu."

Zenaida akakisogeza kisu mpaka kwenye tundu. Alikuwa bado hajakata wala hajaacha, mlango ulipogongwa.

Don Hermógenes aliingia kwanza, fimbo mbele, kifua mbele zaidi. Nyuma yake alikuja Leonor Insuasti wa makumbusho, mwanamke mwembamba mwenye fomu kwenye ubao na mwavuli unaochuruzika maji.

"Hili hapa!" don Hermógenes akatangaza. "Babu wa babu yangu aliandikia barua humu!"

"Don Hermógenes," Zenaida akasema, "kaa kwanza."

"Nikae kwa nini? Nani amekufa?"

"Kuna alama za meno ndani ya droo ya tisa."

Leonor akainama na kioo. Alichungulia kwa muda, kisha akainuka bila wasiwasi wowote. "Hilo lisikusumbue, doña Zenaida. Itakuwa fundi wa enzi hizo alizembea. Hata inapendeza."

"Umesikia!" don Hermógenes akapiga fimbo chini. "Meno ya Wahispania!"

Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa, na aliyeifungua ni mtaalamu mwenyewe. Zenaida hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza hakujawahi kumpeleka mtu jela. Akalitazama lile jina juu ya mlango, ambalo kutoka ndani lilisomeka kinyumenyume kwenye kioo. Alipomuumbua Arcesio hakuwa na ushahidi hata nusu ya huu.

"Mama," akasema, "ng'ata."

Doña Pura akamkodolea macho. Kisha, taratibu, akachota donge la utomvu kwenye chungu cha maji moto kando ya dawati, akalipuliza, akaling'ata, akaliweka juu ya dawati mbele ya wageni kama mtu anayetoa kitambulisho.

Leonor alitazama donge. Akatazama kwenye kioo. Akatazama donge, akamtazama bibi. Fomu zikamponyoka.

"Yesu, Maria na Yosefu," akasema.

Don Hermógenes alikuwa mweupe kama chokaa, na sasa alikaa bila kuambiwa. Walimweleza yote, mguu, unga, siku arobaini, malaika, na kila neno lilimpunguza urefu.

"Baba yangu," akanong'ona, "alijua?"

"Alikuja kulichukua mwenyewe," doña Pura akajibu. "Akalipigapiga mgongoni, akasema, 'Leo hii hakuna fundi anayeweza kutengeneza kitu kama hiki, Chicaiza.' Mume wangu akavua kofia. 'Hakuna, don Eliseo.'"

Don Hermógenes akainuka kwa kishindo. "Waongo! Ukoo mzima! Kabla ya jioni Pasto yote itajua akina Chicaiza ni nani!" Akatoka mvuani bila kofia, bila dawati, mlango ukabaki unapigapiga.

Leonor aliokota fomu zake moja moja.

"Siwezi kulipokea kama la kale," akasema.

"Najua."

"Lakini nimeitwa kulikagua, lazima nijaze. Kwenye mtengenezaji nilishaandika 'hajulikani'. Niache?"

Segundo alikuwa na miaka tisa kaburini, safi, anasifiwa.

"Futa," Zenaida akasema. "Andika Segundo Chicaiza. Elfu moja mia tisa sitini na nane."

"Na mimi, Purificación Jojoa," mama akadakia. "J mbili."

Leonor akaandika, akamgeuzia Zenaida ubao, akampa kalamu. Kutoka nje ilisikika sauti ya don Hermógenes: tayari yuko kwa fundi viatu jirani, anasimulia.

Zenaida akatia saini.