Upande Mnene wa Kabari

"Hiyo ni springi, mama, si mpunga. Huitwangi. Unaigonga mara moja, unaisikiliza."

Basar alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, kivulini chini ya ukingo wa paa, blanketi limefunika miguu isiyosikia kitu. Litad alikuwa chini ya gari, uvunguni kabisa, matope ya kijiji cha Ba'kelalan yakimdondokea machoni. Akagonga tena.

"Naona masikio nayo uliyaacha kwa mama yako."

Akagonga mara ya tatu. Miaka miwili iliyopita gogo lilimwangukia mumewe mgongoni, na tangu siku hiyo Litad alikuwa amejifunza mambo mawili: kuendesha ile Landkruza kuukuu kutoka milimani hadi mji wa Lawas, na kunyamaza. Hilo la pili ndilo lililompa kazi zaidi.

Basar alikuwa fundi. Madereva walikuwa wakipanda kutoka kijiji cha Long Semadoh kuja kumwonyesha gari linalovuta kushoto, naye akizunguka mara moja tu, akikanyaga bampa, akisema bushi fulani, raba ya kwenye kiungo, imekufa, na kweli imekufa. Sasa ujuzi wote ulikuwa kichwani mwake na mikono yote ilikuwa ya mkewe.

Safari hii jani kuu la springi ya mbele kushoto lilikuwa limekatika. Walibadilisha springi zote mbili za mbele na bushi zake, wakaweka springi nene zaidi, gari likainuka. Lakini lilipoinuka, usukani ukawa mwepesi mno, gari likitangatanga barabarani kama nyati wa kulimia aliyekatikiwa kamba. Dawa yake Basar aliijua: kabari mbili za chuma, nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, zinazokaa kati ya springi na ekseli ili kuilaza ekseli nyuma kidogo. Alizitengeneza mwenyewe kwa tupa, kipande kimewekwa mapajani. Zilikuwa safi kama mpya.

Ilikuwa adhuhuri Ukab, jirani yao, alipopita na kapu la mboga mgongoni. Akasimama kutazama miguu ya Litad iliyochomoza chini ya gari.

"Basar, bwana, siku hizi mume wa nyumba hii ni yupi? Naona mmoja yuko chini ya gari, mwingine anapepeta mchele."

Ni kweli, Basar alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Akacheka. Alicheka kwa muda mrefu kuliko mzaha wenyewe.

"Shemeji," Ukab akainama, "ukirudi umechoka kuendesha, mwambie Basar atupikie wali."

Alipokwenda zake, Basar aliuweka ungo chini. Litad akanyoosha mkono kutoka uvunguni.

"Nipe kabari. Upande mnene unakaa wapi?"

Basar alikuwa akiitazama njia aliyopita Ukab.

"Basar. Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Una hakika?"

"Nimefunga hizi miaka ishirini na miwili, wewe ukiwa hujui kutofautisha jeki na jiwe la kusagia. Nyuma, nimesema."

Akaziweka upande mnene nyuma. Akakaza boliti za springi kwa spana na bomba refu mpaka mabega yakamtetemeka. Wakapima magurudumu kwa kamba, wakasawazisha fimbo ya usukani. Akaliendesha polepole kando ya uwanja mdogo wa ndege wa kijiji, akarudi.

"Bado usukani mwepesi," alisema.

"Ni bushi mpya. Zitakaa."

Asubuhi iliyofuata alipakia mchele, na aliyeketi kando yake alikuwa Rinai, dada yake Basar, aliyekuwa anakwenda Lawas kung'olewa jino. Rinai alikuja dakika za mwisho, mbio mbio, amekumbatia wali uliofungwa majanini. Basar alikuwa kwenye dirisha la nyumba. Litad alimwona akifungua mdomo. Halafu akaufunga.

Kilomita arobaini na moja walikwenda salama, kwa sababu barabara ilikuwa mbovu na mwendo ulikuwa wa konokono. Baada ya kipito cha mlima likaja eneo lililotengenezwa upya, mteremko mlaini, na gari likachukua kasi. Litad akakata kona ndogo kushoto. Usukani haukurudi. Badala ya kurudi uliendelea kujikata wenyewe, magurudumu yakaanza kutikisika, mtikisiko ukapanda mikononi, ukamng'oa kidole gumba. Aliusikia mfupa. Upande wa kulia kulikuwa na korongo. Bahati ilikuwa kwamba walikata kushoto, wakaingia mtaroni, wakagonga ukingo wa udongo mwekundu.

Rinai hakung'olewa jino moja. Yalimng'oka manne, taya likavunjika mahali pawili. Alikuwa anajaribu kusema, na kilichotoka kilikuwa damu na punje za wali.

Gari la wakata magogo lililokuwa likishuka lilimpeleka hospitali ya Lawas. Litad alibaki na Sakai, dereva wa Long Semadoh aliyepita njia hiyo, aliyelivuta gari lao kutoka mtaroni kwa mnyororo kisha akalala chini kulitazama. Alikaa huko kitambo.

"Nani amekufungia hizi kabari?"

"Mimi."

"Ziko kinyume. Upande mnene ni mbele. Hivi zilivyo ni heri usingeweka kitu." Akatoka, akajifuta mikono. "Lakini Basar si yupo? Jambo hili alinifundisha yeye. Hata akiwa usingizini hakosei."

Litad aliangalia kidole chake kilivyovimba.

"Nisaidie kuzigeuza," alisema. "Halafu usimwambie mtu."

Aliporudi nyumbani kutoka hospitali siku ya pili, mkono umefungwa banzi, Basar alikuwa palepale kivulini. Hakumtazama mkono.

"Rinai vipi?"

"Taya limefungwa kwa waya. Anataka kukuona. Kesho nakushusha."

"Gari je?"

"Lilitolewa mtaroni tu. Chini hakuna aliyegusa kitu."

Basar alivuta blanketi juu ya magoti. "Kesho siwezi. Mgongo."

Lakini asubuhi Litad alikwisha kuwaita Ukab na wanaume wengine wawili wamnyanyue. Basar alishika mlango kwa mikono miwili.

"Vipi, bwana," Ukab alisema, "unaogopa mwendo wa mkeo? Si gari umelitengeneza wewe mwenyewe?"

Wakacheka. Basar akaachia mlango. Litad akamfunga mkanda, akaukaza.

Walikwenda kilomita arobaini na moja zilezile. Walipovuka kipito, mteremko mlaini ukajitandaza mbele yao, na Litad akakanyaga mafuta.

"Punguza."

Akaongeza.

"Litad, punguza! Simamisha gari!"

"Kwa nini? Bushi si mpya? Zimeshakaa."

Kona ilikuwa inakuja. Basar alijaribu kuufikia usukani, mkanda ukamvuta nyuma. Alianza kupiga yowe. Yote yakamtoka pamoja: kwamba ziko kinyume, kwamba alijua, kwamba alitaka Litad agonge kidogo tu pale uwanjani, aogope, aache kuendesha, watu waache kumcheka yeye.

"Uwanjani sikugonga. Usiku mzima ulikuwa nao wa kuniambia."

"Niliona haya!"

"Na Rinai alipopanda?"

Harufu ya mkojo ikajaa ndani ya gari. Litad akakata kona. Usukani ukarudi wenyewe katikati, taratibu, mzito, kama inavyotakiwa. Fundi yeyote angejua maana yake, na Basar alikuwa fundi. Akageuza uso polepole akamtazama mkewe.

"Umezigeuza."

"Juzi."

Litad angeweza kumwambia tangu nyumbani. Alijua hivyo. Alijua pia kwamba kila alipomsikia akipumua kwa hofu, kitu ndani yake kilishiba, na kwamba kabla ya gogo lile kuanguka, hata baada yake, hakuwahi kujidhania mtu wa namna hiyo.

Hospitalini alimsukuma hadi kitandani kwa Rinai, akiwa na suruali ileile iliyolowa.

"Mwambie wifi," alisema.

Basar akamwambia. Alisema kwa maneno machache, ameinamisha kichwa. Rinai, taya limefungwa, hakuweza hata kumtukana. Alinyoosha mkono, Basar akadhani anataka kumshika, akausogelea. Rinai akamtemea mate yenye damu kupitia nyaya, yakamwangukia blanketini. Kisha akageukia ukutani.

Litad hakumrudisha milimani; Basar alikaa Lawas kwa binamu yao mwezi mmoja, halafu mwaka. Litad alipita na mchele kila wiki. Nyumba ile iko kando ya barabara kuu, na kiti cha magurudumu kilikuwa kibarazani, mtu amekikalia, anasikiliza magari. Mara ya kwanza alinyanyua mkono. Litad alikuwa na mzigo mzito, na taa ya kuongozea magari ilikuwa kijani; akapita.