Dawa Iliyozidi Kipimo

Seremala alikuwa na pumu tangu utotoni, na bado alichagua kazi ya vumbi. Mkewe alizoea kusema mume wake ameoa wake wawili, yeye na randa, na yule wa pili ndiye anayemkohoza. Lakini jioni ikifika mtu huyo huyo huvaa raba akakimbia. Mvi zilishamfika kidevuni, ila pumzi ilimtii maadamu pampu yake ya pumu ilikuwa mfukoni.

Miaka nenda miaka rudi, kwenye mbio za wazee alimaliza nyuma ya Kinyozi, jirani na rafiki yake. Mwaka huu alimpita kona ya mwisho, akakata utepe, akaketi kwenye nyasi akicheka peke yake. Binti mmoja wa chama cha riadha akamjia.

"Shikamoo mzee. Mshindi tunampima mkojo."

"Marahaba. Kwani naumwa?"

"Ni utaratibu tu."

Baadaye alipigiwa simu: mkojo wake umekutwa na dawa kupita kiasi. Jina la dawa lilikuwa refu, likampita masikioni. Akatakiwa afike ofisini na kila anachotumia.

Mtaani habari zilimtangulia. Akiingia kwa Kinyozi kunyoa, mazungumzo hukatika, mikasi ikabaki inasema peke yake. Mkewe alijua pa kuanzia: akamwita mdogo wake, aliyekuwa ameleta kopo la unga wa virutubisho lenye picha ya mtu mwenye misuli kama mizizi.

"Shemeji, umenilisha nini?" Seremala aliuliza.

"Nguvu, shemeji."

"Nguvu za nani?"

Shemeji akacheka, kisha kicheko kikamfia. "Kusema kweli sijui. Nilimwona jamaa anatumia, nikaona na wewe umri umekwenda."

Daktari wa chama aliuchukua ule unga ukapimwe. Seremala aliporudi kusikia majibu, alikuwa tayari kumlaani shemeji yake.

"Huu ni maziwa ya unga na sukari," daktari alisema. "Tatizo ni pampu."

Seremala alidhani amesikia vibaya. "Hiyo nimeandikiwa na daktari mwenzako."

"Inaruhusiwa, mzee wangu, lakini kwa kiasi. Ikizidi, hatujui tena kama ni tiba au ni msaada wa mbio. Siku ile ulivuta mara ngapi?"

Seremala akahesabu kwa vidole. Asubuhi ile kifua kilibana. Alivuta nyumbani, akavuta uwanjani, akavuta tena wakati wenzake wananyoosha viungo. Lakini kilibana kwa pumu, au kwa kumhofu Kinyozi? Na ile ya mwisho, kifua kikiwa kimeshafunguka, aliivuta ya nini? Alijipekua moyoni kama anayetafuta msumari kwenye maranda, asiuone.

"Sijui," alisema. "Mwanangu, hata kama ningetaka kukudanganya, sijui uongo wenyewe ungekuwa upi."

Ushindi ukafutwa, akafungiwa msimu mzima. Kikombe kikaenda kwa Kinyozi, naye akaja nacho kwa Seremala, akakitua mezani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu.

"Mimi niliuona mgongo wako," Kinyozi alisema. "Sasa naambiwa sikuuona."

"Uliniona nikivuta pampu?"

"Nilikuona."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa naangalia miguu yako, nikidhani ndiyo ya kuogopwa. Na mimi nameza vidonge vya magoti. Binti yangu huniletea. Hakuna aliyenipima."

"Vina nini ndani?"

"Nani ajuaye?"

Mke wa Seremala akawatazama kwa zamu. "Basi kati yenu nani alishinda?"

Kinyozi akaaga, akaondoka na kikombe chake, kwa kuwa hakikuwa na pengine pa kwenda.

Seremala alirudi kwa daktari wake wa siku zote, akapewa dawa nyingine ya kutuliza kifua kila siku, ili ile pampu abaki nayo kwa dharura tu. Kifua kikatulia. Akaanza kukimbia tena, peke yake, akiwa hajaigusa pampu. Alikimbia vizuri, pengine vizuri kuliko siku ile ya mashindano, na hilo likamchanganya zaidi kuliko yote.