Mswaki wa Mjomba Mwinyijuma

Dotto alilala Kisarawe amejikunyata, maana tangu jioni jongoo mmoja mnene alikuwa amejiviringisha kwenye kizingiti cha chumba cha wageni na hakuna aliyejali kumtoa. Nyumbani kwake Tangini, Kibaha, asingekanyaga chumba hicho mpaka kipigwe dawa. Hapa alimruka tu, akaingia. Alikuja kusikia jibu la posa yake kwa Mwanaamina, na kwa Wazaramo hawa neno la mwisho lilikuwa la mjomba wa binti, na binti aliishi kwake. Mjomba Mwinyijuma alikuwa amesema tu, "Aje alale kwangu, nimtazame."

Kulipoanza kupambazuka walikutana uani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mtani. Hivi nyinyi Wasukuma mnapiga mswaki, au mnamwachia ng'ombe awalambe?"

Dotto alicheka kwa adabu. Mswaki wake wa plastiki alikuwa ameusahau Tangini.

"Nenda pale nyuma ya banda la kuku, uvunje vijiti viwili, changu na chako. Chagua vilivyonyooka."

Kichaka kilikuwa kimelowa umande, kimejaa utando wa buibui. Dotto alivunja cha kwanza kwa ncha za vidole, akakitia haraka mfukoni mwa shati. Cha pili kilining'inia peke yake, chembamba, kimenyooka kuliko vyote, rangi ya gome, na vifundo kama machipukizi. Upepo ulipopita, kiliyumba pamoja na vitawi vingine. Akakichomoa, akakitia mdomoni, akatafuna ncha ili ilainike.

Ililainika upesi mno.

Ute mchungu ulimwagika ulimini. Kisha kijiti kikajikunja, kikamkwaruza mdomo wa juu, kikampapasa puani. Dotto alikitoa. Kilikuwa na miguu mirefu kama nyuzi, na mmoja ulikuwa umekatika. Ule uliokatika ulikuwa bado mdomoni mwake, unacheza kwenye fizi.

Yule mdudu alianguka majanini, akanyoosha miguu yake mbele, akatulia. Dotto alimtafuta kwa macho, asimwone tena; pale chini palikuwa na vijiti tu. Hilo lilimtia kinyaa kuliko ule uchungu. Akainama atapike. Lakini mjomba alikuwa nyuma yake na birika la maji, na mtu hatapiki mbele ya mkwe. Akafumba mdomo, akameza.

"Leta changu," mjomba alisema, akinyoosha mkono.

Dotto aligusa mfuko wa shati. Hakukumbuka kama kile cha kwanza kililia kama mti kilipovunjika, au nacho kilikuwa mdudu. Akinyamaza, huenda mambo yakapita salama. Akisema, atakuwa mwanamume aliyekuja kuoa asiyeweza kutofautisha mti na mdudu. Mjomba alikichomoa kijiti mfukoni humo, akakipeleka mdomoni.

"Subiri, mjomba. Usikitie mdomoni." Sauti ilimtoka nyembamba. "Mimi changu kilikuwa mdudu. Nimemtafuna."

Mjomba alimtazama usoni, kisha akakitazama kijiti. Akakipinda. Kikavunjika katikati kwa mlio, mti mtupu.

"Umemtafuna, kisha ukafanyaje?"

"Mguu nimeumeza."

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta wa banda, kuku wakatawanyika. "Mwanaamina! Mletee mtani wangu maji ya kusukutua. Kaja kuposa, kaanza na kitoweo." Alifuta machozi, sauti ikashuka. "Ungeninyamazia, ningejua umenionea haya kuliko kunionea huruma. Mwambie baba yako aje Jumapili na wazee wake."

Mwanaamina alitoka na kikombe, kiganja kikiwa kimefunika kicheko. Dotto alisukutua mara nyingi, akatema, akasukutua tena. Alitaka kutabasamu. Ila nyuma ya jino la mwisho ulimi ulikuta kitu chembamba kama uzi, na mwili wote ukamsisimka upya.