Kilichorithiwa Bila Kikao

Lusungu alikwenda kwenye kikao cha ukoo amevaa mikono mirefu na kofia pana, na asiyejua angedhani anaringa. Jua lilikuwa adui yake. Likimpata nusu saa tu, mashavu yanawaka wekundu na vidole vinavimba, hata kushika panga la kupasulia kakao inakuwa shida. Daktari Tereza, aliyehamishiwa Kyela kutoka Bukoba, alimtajia jina la ugonjwa: lupus. Kinga ya mwili wake imemgeuka mwenyewe.

Siku hiyo walikuwa wanagawa mali ya baba yake, aliyekufa kwa saratani ya damu. Mali yenyewe ni shamba la kakao la Bujonde, ambalo Lusungu alikuwa amelihudumia miaka sita. Baba mdogo Anyelwisye alitaka apewe mwanawe, Gwamaka. Kwa huruma, eti, Lusungu apewe jaruba la mpunga kule Ngonga. Jaruba! Mahali ambapo kivuli hata cha dawa hakuna. Ni kivuli cha mikakao tu kilichomwezesha kulima, na wote pale walilijua hilo.

Anyelwisye alitoa sababu mbili. Kwanza, mtoto wa kike harithi. Pili, na hapo akakohoa kidogo, binti ana virusi. Neno hilo lilitoka kwa Lusungu mwenyewe, alipomsimulia mama yake maneno ya daktari kuhusu mabaki ya virusi vya kale. Lilipofika kwa wanaukoo wa kijiji cha Makwale lilikuwa limeshakuwa UKIMWI.

Lusungu alikasirika, akasimama. Akawaeleza kama alivyoelezwa. Kuna jamii ya virusi, na kile cha UKIMWI ni kimojawapo, vinavyojipenyeza ndani ya vinasaba vya chembe na kukaa humo. Kipo kimoja kinachoweza kuleta saratani ya damu. Vingine viliwaingia mababu wa binadamu zama za kale, na mabaki yake yakarithiwa kama sura na kimo. Wataalamu wanashuku kwamba kwa baadhi ya watu mabaki hayo huichokoza kinga ya mwili. Hayaambukizi, na kila mtu anayo.

"Hata wewe, baba mdogo, unayo," alisema, na mama mmoja akaficha kicheko kwenye khanga.

Anyelwisye akajibu kwamba mabaki ni sawa, lakini ugonjwa huo haumo katika ukoo wao. Autafute kwa mama yake.

Hapo alijikaanga kwa mafuta yake. Shangazi Tulinagwe, dada yao wa tumbo moja yeye na marehemu, alikufa na mashavu yale yale na vidole vile vile, na majibu ya hospitali aliyapokea Anyelwisye kwa mkono wake. Lusungu akalitaja jina hilo mbele ya wote.

"Daktari anasema inaelekea vinasaba vinavyoukaribisha ugonjwa huu vimenifikia kupitia kwa baba," alisema. "Kuvirithi hakukuhitaji kikao. Hakuna aliyeuliza kama mimi ni wa kike. Kwenye shamba ndiyo mmekumbuka?"

Ambrose, katibu wa ukoo, alimgeukia Lusungu akamuuliza aandike nini.

"Andika nimerithi kwa baba. Vyote viwili. Na Ngonga mpeni anayependa jua."

Ambrose akainama akaandika, na Anyelwisye hakumzuia.