Maoni ya Wasikilizaji Kuhusu Albamu ya Fundi Meno

Sikio la kwanza lilifika jioni, Fundi Meno akiwa anakwangua nta kwenye taya la bandia la chini la mwalimu mstaafu. Lilipenya chini ya mlango, likapanda mguu wa meza taratibu kama konokono, likatulia mbele ya spika. Lilikuwa sikio la kushoto, safi, lenye tundu la hereni. Fundi Meno alisogeza kopo la plasta lisije likalichafua, akaendelea na taya lake. Mwanamke anayeishi kwa kutengeneza meno ya bandia hashtuki kuona kiungo cha mtu mezani.

Albamu yake ilikuwa imetoka wiki hiyo. Aliirekodi mwenyewe katika chumba hichohicho, bila kampuni wala mfadhili, kwa gitaa la umeme, kodiani ya kuazima na mashine yake ya kusagia meno, ambayo ikigusa ufizi wa plastiki hulia kama mjane. Wimbo mmoja ulianza kama kwaya ya mazishi ukaishia kama pikipiki iliyogoma kuwaka. Hakutarajia kupendwa na wengi. Wimbo wa mwisho aliutunga kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa kaka yake, dalali wa nyumba. Baba yao aliwahi kumfukuza nyumbani mbele ya wageni, naye akaapa kutokanyaga tena pale, na kiapo chake alikitunza vizuri kuliko alivyotunza ahadi yoyote. Baba alipougua, aliitwa hakuja. Alipozikwa, alituma shada la maua. Lakini kabla ya kukata roho, mzee alirekodi maneno machache kwenye simu ya binti yake, naye akajaribu mara kadhaa kumpelekea kaka yake.

"Habari za mzee sizitaki, dada," alisema Dalali kila mara. "Yaliyopita si ndwele."

Ndipo Fundi Meno akayaweka maneno yale mwishoni mwa albamu, baada ya gitaa kunyamaza. Dalali alikuwa mwenyekiti wa chama cha wasikilizaji ambacho maoni yake yalisomwa redioni, na hapakuwa na muziki uliopita mjini bila yeye kuutolea neno. Hili hataliruka, aliwaza dada mtu. Alisahau kwamba kusikiliza na kutoa maoni ni kazi mbili, na wengi wana nafasi ya moja tu.

Maoni yalimiminika. Mmoja alisema albamu imejaa mno, mwingine kwamba ni tupu. Wa tatu aliisifu kwa ujasiri wake, akashauri ujasiri upunguzwe. Kila aliyesema bila kusikiliza, sikio lilimtoka likaja kusikiliza kwa niaba yake. Kufikia mwisho wa juma meza ilijaa, na meno ya bandia yakahamishiwa dirishani.

La Dalali lilikuja Ijumaa. Fundi Meno alilitambua kwa pengo la pembeni, alikomng'ata walipokuwa wadogo wakigombea baiskeli. Alizima mashine, akaupiga wimbo wa mwisho. Gitaa lilipotulia, kikohozi kikasikika, kisha sauti ya Baba.

"Mwanangu, siku ile nilikosa mimi. Ukija, usibishe hodi. Ingia tu."

Sikio likawa jekundu hadi ncha, halafu likalowa. Fundi Meno alilipangusa kwa pamba, akalilaza kwenye kikopo cha meno.

Jumapili alilipeleka kwa mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na wifi yake, ambaye hakuwahi kuulizwa maoni na kwa hiyo alikuwa na masikio yote mawili.

"Lilianguka akiandika," wifi alisema akichungulia kikopo. "Nilimwambia, akasema nisimkatize. Pita, wifi yangu, wamo ndani wanakujadili."

Sebuleni chama kilikuwa kimekaa kwa duara. Wengine walikuwa na sikio moja, wengine hawana hata hilo, na mazungumzo hayakupungukiwa na kitu, kwa sababu kila mtu alikuwa anangoja tu zamu yake ya kusema.

"Nasikia kuna mzee anabwabwaja mwishoni," Dalali alikuwa akisema. "Anaharibu. Huyo ningemkata."

"Kaka, ni Baba yule," alisema Fundi Meno.

"Karibu, dada. Kila mtu ana haki ya maoni yake."

Alipita nyuma ya kiti, akapaka gundi ya meno, akajaribu kulirudisha sikio mahali pake.

"Usinishike kichwa, naongea." Dalali alilibandua, akalitia mfuko wa shati kama leso. "Nitalivaa nikipata nafasi."

Albamu ilipewa nyota nne. Walikubaliana kwamba inahitaji msikilizaji makini.

Wifi alimsindikiza hadi getini. "Nisikilizishe mimi basi hayo maneno ya Baba," alisema, na Fundi Meno akamsikilizisha hapohapo, kwenye simu, wakiwa wamesimama. Wifi alilia kidogo, akajifuta, akarudi ndani kuwapelekea wageni chai. Sikio lilikuwa limeshatoka mfukoni. Lilimfuata Fundi Meno njia nzima likiambaa na ukuta, naye alipunguza mwendo lisiachwe.

Wiki iliyofuata, mwalimu mstaafu akiwa kitini anajaribu taya lake, Dalali alihojiwa redioni kuhusu albamu ya pili ya dada yake. Alisema imemvunja moyo. Wasikilizaji wakapiga simu kumuunga mkono, mmoja baada ya mwingine.

"Kumbe umetoa nyingine?" aliuliza mwalimu.

"Bado sijaianza," alijibu Fundi Meno. "Uma kidogo. Panabana?"

Pale mezani masikio yalianza kuipa redio mgongo na kugeukia ukutani, moja moja, bila kelele. La Dalali lilitangulia.