Gundi ya Viatu

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi, na hawakuhitaji kuongeza jina, kwa sababu mwanamke mwenye karakana ya useremala na ulimi kama wake alikuwa mmoja tu. Kazi yake haikuwa na dosari. Hasira zake ndizo zilizokuwa balaa. Aliwahi kumcharaza mteja kwa mguu wa meza, na meza yenyewe ni ileile ambayo yule bwana alikuja kuilalamikia. Bwana aliondoka na nundu kichwani, na wiki iliyofuata akarudi kuagiza kabati, maana alizunguka kote asipate mwingine wa kumfanyia kazi kama ile.

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa amemlaza farasi juu ya benchi. Alikuwa farasi wa mti, wa watoto kupanda na kubembea, aliyechongwa na babu mzaa mama wa Fundi na ndugu zake wawili. Mguu wake mmoja wa mbele ulikuwa umekatika juu kidogo ya goti. Mama yao alimfunga kwenye shuka akamficha nyuma ya kabati miaka thelathini na mitano, na alipofariki ndipo walipomkuta. Mdogo wao wa mwisho, muuguzi, ndiye aliyetoa wazo.

"Dada, tusimtupe. Umkatekate, kila mmoja wetu umfanyie kitu cha kumkumbuka mama."

Fundi alilipenda wazo lile kuliko alivyolionyesha. Ubavu mmoja wa farasi ulikuwa umeshakuwa kisanduku cha muuguzi cha kuwekea hereni za mama. Ubavu wa pili ulikuwa fremu ya picha kwa ajili ya baba. Kichwa kingekuwa cha kaka yao, akipigilie ukutani dukani kwake atundike aproni. Miguu mitatu mizima Fundi alijiwekea mwenyewe, aifanye mipini ya patasi. Ule uliovunjika alitaka tu kuusafisha aone kama una faida yoyote.

Huyo kaka alikuwa muuza nyama, mtu wa mwili, na jina lake la mtaani lilikuwa Bomoa. Alilipata akiwa na miaka kumi na mmoja, siku aliyompanda farasi akamvunja mguu. Baba yao, fundi viatu, alimpiga kwa kalibu ya mti, ile ya kuvalishia kiatu kikishonwa, mpaka mkono wa kushoto ukavunjika. Mfupa uliunga vibaya, na tangu hapo mkono ule hunyooka nusu tu. Jina nalo lilibaki. Nyumbani hakuna aliyethubutu kumpa glasi aishike. Fundi alikuwa na miaka mitano siku ile, akayaona yote kutoka uvunguni mwa kitanda: miguu ya baba, magoti ya kaka, kalibu ikipanda na kushuka. Kaka hakulia. Hilo lilimtia baba wazimu zaidi.

Sasa Fundi aliubana mguu uliovunjika kwenye jiliwa, akashika patasi nyembamba na kuanza kukwangua pale ulipokatikia. Patasi ikanasa kwenye kitu laini. Alidhani ni uchafu. Akachokonoa, kikatoka kipande cha njano kinachonyumbulika, akakinusa, akakinusa tena.

Ilikuwa gundi ya viatu. Amelelewa na harufu ile. Ilikuwa kwenye mapazia, kwenye nywele za mama, kwenye uji. Hakuna seremala mwenye akili zake anayepaka gundi ya viatu kwenye mti. Akaukwangua mguu kwa nje, rangi ya kahawia ikatoka na kung'aa kwenye kidole: ilikuwa rangi ya viatu, imepakwa kuficha ufa. Chini ya rangi kulikuwa na vimisumari viwili vya soli, vichwa vimepigwa tupa visionekane.

Mambo yalikuwa wazi. Mguu ule ulivunjika mara mbili. Mara ya kwanza ulitiwa kiraka kwa siri, kiraka ambacho kisingembeba hata paka, na mara ya pili ukaachia pale pale. Na sanduku la gundi nyumbani lilikuwa na mwenyewe, na ufunguo wake ulikaa kiunoni kwake usiku na mchana. Baba alimvunja farasi, akamziba, akanyamaza. Kisha akamvunja mwanawe mkono kwa kosa lake yeye mwenyewe.

Fundi alichukua nyundo. Fremu ya baba ilikuwa kwenye rafu, imeshapigwa msasa na vanishi imekauka. Aliipiga mpaka ikawa vibanzi, akavipiga na vibanzi, na nyundo ilipotoboa rafu ndipo alipoitupa. Akauchomoa mguu kwenye jiliwa na kutoka na aproni yake, bila kufunga mlango.

Bomoa alikuwa anakata mbavu. Fundi aliusukuma mguu juu ya gogo la nyama, katikati ya damu.

"Kaka, funga duka."

"Kuna nini?"

"Angalia hapo ulipovunjikia. Nusa! Hiyo ni gundi ya baba. Yeye ndiye aliyeuvunja, akaubandika. Alikuonea, kaka. Miaka yote hii anakuonea. Shika hilo panga twende."

Bomoa aliutazama mguu kwa kitambo. Hakukunja uso, hakuuliza swali. Alichukua kitambaa, akaufuta damu, akamrudishia.

"Rudi kazini, Fundi."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Rudi kazini."

Akainua panga, akaendelea na mbavu zake. Fundi alimtukana tusi zito hivi kwamba hata wanunuzi wa nyama, watu waliozoea mambo, waligeuza nyuso. Mwanaume mzima, kifua kama mlango, na moyo wa kifaranga! Kama yeye hataki, atakwenda mwenyewe. Alivuka barabara bila kutazama, akapigiwa honi, akalipiga teke gari la watu na kuendelea.

Nyumbani kwa baba, mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anakata kipande cha ngozi kwa kisu. Miaka themanini na mbili, macho yamefifia, lakini mikono ile haikuzeeka. Muuguzi alikuwa chumbani anapanga nguo za mama. Fundi aliutua mguu mezani kwa kishindo, vikombe vikaruka.

"Gundi ya nani hii?"

Mzee aliuvuta karibu, akaupapasa, akaunusa. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na kazi yake ya zamani.

"Yangu. Gundi ilikuwa nzuri, mti ndio ulikuwa mbovu."

Hakuona haya hata kidogo, na hapo akili zikamruka Fundi. Aliunyakua mguu, akapiga meza, vikombe vikasambaratika. Akapiga redio, akapiga kioo cha dirisha, vigae vikamwagikia magoti ya mzee. Muuguzi alitoka mbio akimwita, "Dada! Dada!" na Fundi hakumsikia. Aliuinua mguu kwa mikono miwili, akakilenga kichwa kile cha mvi, na alitaka, alitaka kwa moyo wake wote, kukisikia kikipasuka.

Alichosikia ni mfupa, lakini haukuwa wa kichwa. Bomoa alikuwa ameingia nyuma yake na kujitupa katikati. Pigo lilimpata kwenye mkono wa kushoto, ule uliopinda. Alitoa mguno mmoja, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, na kwa mkono mzima akamshika dadake kifundo cha mkono.

"Achia."

"Niache nimuue!"

"Achia, nakwambia."

"Alikuonea!"

"Nilijua!" alifoka Bomoa, jasho linamtiririka. "Nilijua siku zote. Mimi ndiye niliyemshikia taa akiubandika. Alimrushia mama yule farasi, mguu ukavunjikia mgongoni kwake. Akaniambia nikifungua mdomo atamrudia mama. Nikanyamaza."

"Sasa kwa nini ulimpanda, kama ulijua?"

Bomoa alimtazama. Muuguzi alikuwa ameshapiga magoti pembeni yake, anaupapasa mkono, naye akasimamisha vidole.

"Sikumpanda mimi," alisema Bomoa kwa sauti ya chini. "Ulimpanda wewe. Nilikukuta sakafuni unalia, mguu umetoka, na yeye huyo anakuja. Nikakusukuma uvunguni. Ulikuwa na miaka mitano, Fundi. Angekuua."

Fundi alikitafuta chumba kile cha zamani kichwani mwake, akakumbuka mkono mdogo mgongoni, unasukuma, na vumbi la chini ya kitanda. Miaka thelathini na mitano hakuwahi kujiuliza alifikaje kule.

"Sikula kipigo kile," alisema kaka yake, "ili leo uje kuwa yeye."

Mzee akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha kukohoa. Alikung'uta vigae kwenye magoti yake kimoja kimoja, akamwangalia bintiye kutoka chini hadi juu, na kwa mara ya kwanza tangu amzae alionekana kumkubali.

"Nimejiuliza sana nani kati yenu amenirithi," alisema. "Huyu mwanaume hapana. Huyu mdogo hapana. Kumbe ni wewe."

Afadhali angemlaani. Laana angeijibu, ana mdomo wa kutosha. Lakini mguu wa farasi ulikuwa bado mikononi mwake, umeinuliwa nusu, na vidole vyake vilikataa kufunguka. Bomoa ndiye aliyevifungua, kidole baada ya kidole, kwa mkono wake mmoja.

Muuguzi aliufunga ule mkono kwa kipande cha shuka na ubao wa kisanduku cha viatu. Alifanya kazi bila kumtazama dada yake. Walipomnyanyua kaka yao kwenda hospitali, Fundi aliingiza bega lake chini ya kwapa la kaka, na mwanzoni aliogopa kwamba atalikataa. Hakulikataa. Walitembea polepole, uzito wote wa kaka ukiwa juu ya Fundi.

"Kichwa cha farasi bado unanitengenezea?" aliuliza Bomoa walipofika mlangoni.

"Nitakutengenezea."

"Na huo mguu utupe. Uchome moto."

Fundi alitazama nyuma, sakafuni, ulipokuwa umelala kati ya vigae na vikombe.

"Hapana, kaka," alisema. "Ile mitatu mizima nitawapa nyinyi. Huo ndio wangu."