Mluzi wa Mzee Polikarpo

Nyumbani kwa Mama Kokuberwa, mtaa wa nyuma ya stendi ya Mbezi, kulikuwa na kurumbiza aliyekaa kichakani uani. Ndege mdogo, kifua rangi ya papai bivu, kazi yake kula wadudu na kuiga sauti zisizo zake. Aliiga njiwa, akaiga filimbi ya mgambo, lakini aliyempatia hasa ni Mzee Polikarpo, mume wa Kokuberwa. Mzee akirudi na mkate asubuhi hupiga mluzi getini, miwili ya kupanda na mmoja mrefu wa kushuka. Maana yake: mke wangu, mimina chai.

Mzee akafariki, mluzi ukabaki. Waombolezaji walipotawanyika ndege akaupiga, na Kokuberwa akacheka huku machozi yanamtoka. "Mzee kafika," akasema, akamimina vikombe viwili, akanywa vyote mwenyewe. Tangu hapo ndivyo alivyoianza siku.

Mkwewe Felicitas alivumilia mwanzoni. Yeye naye alimlilia mzee kwa dhati, tusimsingizie. Lakini kumsikia marehemu anapiga mluzi wakati wewe unakoroga uji wa mtoto ni jambo jingine kabisa. Mwili ulimsisimka kila asubuhi, na majirani nao walishaanza kunong'ona kuwa nyumba ile ina mzimu.

Siafu walipoingia chumbani kwa mtoto, alimwita Mbwana, mpuliza dawa. Kokuberwa alikuwa ameenda kusali jumuiya. Mbwana alimaliza vyumba vyote na kuta, kisha akakitazama kichaka.

"Kule tukuache, sista. Kuna ndege wanashukaga kula wadudu, watakufa bure."

"Puliza," Felicitas akasema. "Na kule pia."

Ulimi haukuteleza. Alijua anachokisema, na hilo ndilo lililokuja kumkosesha usingizi.

Kesho yake alimkuta kurumbiza chini ya kichaka, miguu juu, macho yameingia vumbi. Alikuwa mwepesi ajabu. Felicitas akamfunga kwenye gazeti, akamtia kwenye kiroba cha taka, na gari la taka likamchukua pamoja na maganda ya ndizi.

Kokuberwa alikuwa barazani, kikombe kinapoa mbele yake.

"Leo kachelewa. Hujamsikia, Mama Blessing?"

"Sijamsikia, mama."

Uongo ule mdogo ulimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Asubuhi zilizofuata Kokuberwa hakuuliza tena. Alikaa tu, ametega sikio, chakula hakimpiti. Kitenge kikaanza kumpwaya kiunoni, na Didas, mume wa Felicitas, akawa anazungumzia kumpeleka hospitali. Felicitas alikuwa akifungua mdomo aseme, kisha anauliza kama waongeze chumvi kwenye mboga. Aliona aibu hata kumtazama mwanawe mwenyewe. Utamwambiaje mjane kuwa mumewe umemuua mara ya pili?

Asubuhi moja alijibanza nyuma ya tenki la maji. Kwao mwanamke hapigi mluzi. Bibi yake angemchapa mdomoni. Akalowesha midomo, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, na mluzi ukatoka: mmoja, wa pili, kisha ule mrefu, unatetemeka.

Halafu akasikia chai inamiminwa barazani.

Felicitas aliegemea tenki, akalia, mkono mdomoni. Kumbe hata kumdanganya mjane alikuwa anaweza. Alipojifuta uso na kwenda barazani, alikuta vikombe viwili vinafuka mvuke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Kokuberwa akamsogezea kimoja. "Ule wa mwisho mzee alikuwa anaushusha. Wewe umeupandisha."

Felicitas akavuta kigoda. Akakaa.

"Mama, yule ndege..."

"Nilinusa dawa siku ileile, nilipotoka jumuiya. Kesho yake nikaenda kichakani, nikaokota manyoya." Sauti yake haikupanda. "Siku zote hizi sikuwa nasubiri mluzi, mwanangu. Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Nisamehe, mama."

"Kunywa kwanza. Hiyo ni chai ya mzee, usiiache ipoe."

Felicitas akashika kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa na sukari nyingi, kama alivyoipenda mzee, naye akainywa yote.